UZI: Heaven Hill ya Kentucky, kiwanda cha bourbon ambacho ukoo wa wachuuzi umekaa nacho tangu 1935

Mwanakigoma (mleta uzi)

Wakuu, kwenye ule mjadala wa biashara za ukoo kuna mtu aliuliza kama ipo familia iliyokaa na kiwanda chake karibu karne nzima bila kugombana hadi kukiuza. Ipo, na mimi naishi jirani nayo. Niko Louisville, Kentucky. Ukitoka hapa kwenda kusini kama kilomita 65 unafika Bardstown, mji mdogo ambao wenyewe wanauita makao makuu ya bourbon (wiski ya Kimarekani) duniani. Hapo ndipo ilipo Heaven Hill, mali ya ukoo wa Shapira tangu 1935. Majina mengi makubwa ya wiski ya Marekani ukiyafuatilia unakuta mwenye mali yuko Japani, Uingereza au Italia. Hii bado iko mikononi mwa familia iliyoianzisha, na wageni wanakaribishwa kuingia kujionea.

Wasiokunywa nao wasome, kwa sababu humu kuna mambo ya mtaji, urithi, moto na haki za wafanyakazi.

Tuanze na baba wa ukoo. Max Shapira alikuwa Myahudi aliyehamia Marekani kutoka Lithuania. Alianza na uchuuzi vijijini Kentucky, mzigo mgongoni, mlango kwa mlango, hadi akafungua duka. Wanawe watano, David, Ed, Gary, George na Mose, wakaipanua kazi ya baba. Wakawa na maduka ya nguo na vitambaa kwenye miji midogo ya jimbo hilo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kupika pombe.

Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima kuanzia Januari 1920. Kentucky iliumia kuliko majimbo mengi, maana wiski ndiyo ilikuwa kazi yake. Kampuni chache tu ziliruhusiwa kuuza akiba iliyobaki, tena kama dawa, kwa cheti cha daktari. Marufuku ikaondolewa Desemba 1933. Sasa piga hesabu mwenyewe: wanywaji wapo, sheria imeruhusu, lakini viwanda vimefungwa karibu miaka 14, mitambo imeng'olewa, na wiski nzuri inahitaji miaka isiyopungua minne ndani ya pipa. Na nchi nzima iko kwenye mdororo mkubwa wa uchumi, mabenki yamefilisika.

Katika hali hiyo watu kadhaa walitaka kujenga kiwanda nje kidogo ya Bardstown. Walikuwa na ujuzi na walikuwa na ardhi, ila fedha hawakuwa nazo. Wakawafuata akina Shapira, kwa sababu duka la nguo hata wakati wa shida huingiza fedha taslimu kila siku. Ndugu wale wakaweka mtaji, na muda si mrefu wakanunua hisa za wenzao, kampuni yote ikawa yao. Jina lilitokana na William Heavenhill, mkulima wa zamani wa eneo lile lenye chemchemi. Pipa la kwanza lilijazwa tarehe 13 Desemba 1935.

Upande wa pili wa habari hii ni ukoo mwingine: akina Beam. Hao ndio wapishi. Babu yao Jacob Beam alikuwa akiuza wiski Kentucky tangu mwishoni mwa karne ya 18, na Jim Beam mnayemwona kwenye chupa ni wa damu hiyohiyo. Joseph L. Beam alikuwa miongoni mwa walioianzisha Heaven Hill, na mwanawe Harry akawa miongoni mwa wapishi wakuu wa mwanzo. Baadaye akaja Earl Beam, mtoto wa ndugu yake Jim. Mwaka 1975 Earl akamwachia mwanawe Parker, na Parker akafanya kazi pamoja na mwanawe Craig. Kwa hiyo kwa takriban miaka 80 kampuni ilikuwa na koo mbili ndani yake: mmoja una mali na soko, mwingine una hamira na mikono. Mimi naamini hapo ndipo pana siri yote. Shapira hawakuwahi kujifanya wapishi, na Beam hawakuwa na haja ya kuhangaika kutafuta wateja. Kila upande ulimrithisha mtoto kile anachokijua kweli.

Nitaendelea. Karibuni na maswali.

Bint Pangani

Asante kaka, nimesoma yote. Mimi kileo situmii lakini biashara nafanya, kwa hiyo nina maswali mawili. Kwanza, hii bourbon inatofautiana na wiski nyingine kwa kitu gani? Pili, hao ndugu waliwezaje kupika bidhaa 1935 halafu wakae miaka minne ndipo wauze? Mishahara ililipwa na nini?

Mwanakigoma (mleta uzi)

Dada Bint Pangani, maswali yako ni ya mtu anayejua kuendesha duka.

Sheria ya Marekani imeibana bourbon kila upande. Lazima itengenezwe Marekani. Katika nafaka zake, mahindi yasipungue asilimia 51. Ikipikwa, kilevi kisizidi asilimia 80. Ikiingia kwenye pipa kisizidi 62.5, ikitiwa kwenye chupa kisipungue 40. Pipa liwe jipya, la mti wa mwaloni, na ndani liwe limeunguzwa kwa moto. Huruhusiwi kutia rangi wala ladha yoyote. Wekundu ule wote unaouona unatoka kwenye mbao. Mwaka 1964 Bunge la Marekani lilipitisha azimio kwamba bourbon ni kinywaji cha nchi hiyo peke yake.

Heaven Hill wenyewe kwa bourbon yao ya kawaida wanatumia mahindi asilimia 78, rai asilimia 10 (nafaka ya nchi za baridi, jamaa wa ngano) na kimea cha shayiri asilimia 12. Wana aina nyingine ambayo rai inaondolewa na ngano inachukua nafasi yake kwa asilimia 20. Nafaka zinasagwa, zinapikwa na maji hadi unapata uji mwepesi kama togwa, kimea kinageuza wanga kuwa sukari, kisha hamira inatiwa. Humo wanachanganya pia maji ya machicha ya mpiko uliopita, ili uchachu wake uzuie vijidudu vibaya na ladha isibadilike kutoka mpiko hadi mpiko. Maji ya Kentucky nayo yanasifika, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya chokaa na hayana chuma. Chuma huharibu rangi na ladha ya wiski.

Swali la pili ndilo zito. Hawakukaa bure miaka minne. Walianza kuuza wiski changa ya miaka miwili, Bourbon Falls. Wakati hiyo inalipa bili, mapipa mengine yaliachwa palepale. Yalipofikisha miaka minne ikatoka Old Heaven Hill, iliyotengenezwa kwa masharti ya sheria ya mwaka 1897 ya Bottled-in-Bond: kiwanda kimoja, msimu mmoja wa kupika, miaka isiyopungua minne kwenye ghala linalosimamiwa na serikali, na kilevi asilimia 50 kamili. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakichanganya spiriti na rangi, hata juisi ya tumbaku, wakauza kama wiski. Mnunuzi akiona maneno hayo kwenye lebo alijua hapunjwi. Old Heaven Hill ikawa inauzwa kuliko nyingine yoyote ndani ya Kentucky.

Na kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni. Kentucky ilikuwa ikitoza kodi ya mali kwa kila pipa, kila mwaka, wakati mali yenyewe inapungua kwa kuvukiza. Unalipia kitu ambacho hujakiuza na huwezi kukiuza leo. Sheria ya kuifuta kodi hiyo ilipitishwa 2023, na inapunguzwa kidogo kidogo kuanzia 2026 hadi 2043. Kwa miaka yote hiyo walioweza kuibeba vizuri ni wenye mfuko mnene au wenye subira ya ukoo.

Kisumu Dala

Mkuu, umenigusa. Kwetu huku watu wanajua chang'aa kuanzia kupika hadi kuonja. Nikisoma maelezo yako naona hatua ya kwanza ni ileile: nafaka, hamira, moto, mvuke, unapoza, unakinga. Sasa hilo pipa linafanya kazi gani hasa mpaka bei ipande hivyo?

Mwanakigoma (mleta uzi)

Uko sahihi kabisa. Kinachotoka kwenye mtambo ni cheupe kama maji na kinachoma koo kama gongo au chang'aa. Tofauti ya usafi ipo, maana mitambo yao ni minara mirefu yenye shaba ndani na kila hatua inapimwa, lakini ni jamaa moja.

Kazi ya pipa ni hii. Linabeba lita 200 hivi. Mbao za mwaloni zinakunjwa kwa mvuke na kufungwa kwa pete za chuma, hakuna gundi wala msumari. Halafu ndani linawashwa moto kwa sekunde chache hadi linafanya mkaa. Chini ya mkaa huo, sukari za asili za mti zinakuwa zimeiva na kugeuka karameli. Wiski ikiwekwa humo, joto la kiangazi linaitanua na kuisukuma iingie kwenye mbao. Baridi ya Januari inaibana na kuirudisha. Kila msimu inatoka na rangi zaidi na ladha zaidi, na mkaa unachuja ule ukali.

Ndiyo maana maghala ya Bardstown hayana joto la mashine wala kiyoyozi. Ni majengo marefu ya fremu za mbao yaliyofunikwa mabati, ghorofa sita au saba, yamepangwa kileleni ili upepo upite. Ukiingia ndani mwezi wa saba, chini kuna ubaridi na harufu ya vanila na mbao mbichi. Ukipanda juu hewa inakuwa nzito, jasho linakutoka, na macho yanawasha kidogo kwa mvuke. Mapipa ya juu yanapoteza maji haraka na kilevi kinapanda. Ya chini yanakwenda taratibu. Mpishi mkuu anachagua na kuchanganya ya ghorofa mbalimbali kulingana na chupa anayotaka. Taa ni chache. Mapipa yamelala kwenye reli za mbao, kizibo juu, na kila moja limeandikwa tarehe ya kujazwa.

Kinachovukiza Kentucky ni kati ya asilimia 2 na 5 kwa mwaka, na wao hukiita fungu la malaika. Mvuke huo unalisha ukungu mweusi unaoitwa Baudoinia. Kuta za maghala, magome ya miti, hata alama za barabarani jirani, vyote vimepakaa weusi kama masizi. Kabla hujaona bango lolote, weusi huo unakuambia umefika. Wakazi wa karibu na maghala hawaupendi, na wana haki ya kulalamika, maana nyumba zao hazitakati.

Pipa likitumika mara moja halifai tena kwa bourbon, kwa sababu sheria inataka jipya. Mengi yanauzwa Scotland kwa wapika wiski wa huko, mengine kwa watengenezaji wa ramu na tekila.

Mzee wa Shamba

Mleta uzi, umetaja moto hapo mwanzo. Mbao, spiriti, mabati, upepo. Nahisi najua kilichotokea.

Mwanakigoma (mleta uzi)

Ndiyo mzee wangu, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niiheshimu kampuni hii.

Tarehe 7 Novemba 1996, mchana, moto ulizuka kwenye ghala moja la Heaven Hill. Upepo siku hiyo ulikuwa mkali sana. Ghala la wiski likishika moto haliungui kama nyumba. Mapipa yanapasuka moja baada ya jingine, wiski inamwagika ikiwa inawaka, inafuata mteremko. Watu waliokuwepo wanaeleza mto wa moto ukishuka kilima, ukavuka barabara, na ukakifikia kiwanda chenyewe kilichokuwa chini. Zimamoto kutoka wilaya jirani walifika, lakini hawakuweza kusogelea. Kazi waliyoifanya ni kumwagia maji maghala ambayo yalikuwa bado hayajashika, na hiyo ndiyo iliyookoa yaliyobaki. Joto lilisikika mbali, na mwanga ulionekana usiku kucha.

Kulipokucha, maghala saba yalikuwa yamekwisha na mapipa zaidi ya 90,000 yamepotea. Kiwanda cha kupikia, kile cha 1935, kiliteketea chote. Hakuna aliyekufa, na hilo ndilo jambo la kushukuru kuliko yote. Chanzo hakikuwahi kuthibitishwa.

Hapo mwenye kampuni angeweza kuchukua fedha za bima akaondoka. Bourbon wakati huo haikuwa na thamani ya leo. Tangu miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wamehamia kwenye vodka na vinywaji vyepesi, na viwanda vingi vya Kentucky vilikuwa vimefungwa au kuuzwa. Parker Beam naye alikuwa ameona kazi ya baba yake ikiungua mbele ya macho yake.

Kilichofuata: washindani wakafungua milango. Jim Beam na Brown-Forman waliwapa Heaven Hill nafasi ya kupika kwenye mitambo yao, kwa kanuni ya mapishi ya Heaven Hill, ili mapipa mapya yaendelee kuingia ghalani. Elewa uzito wake. Kwenye biashara hii ukikosa kupika mwaka mmoja, pengo halionekani leo. Linaonekana baada ya miaka minne, sita au kumi na miwili, chupa zinapokosekana dukani. Wenzao wangeweza kukaa kimya wakasubiri pengo hilo. Hawakufanya hivyo. Bardstown ni mji mdogo, na kwenye viwanda vile walikuwemo watu wa ukoo mmoja.

Mwaka 1999 Shapira wakanunua kiwanda cha Bernheim hapa Louisville kutoka kampuni ya Diageo. Tangu hapo wiski ikawa inapikwa Louisville, inabebwa kwa malori, na mapipa yanalala Bardstown. Jina Bernheim nalo lina kisa chake. Isaac Wolfe Bernheim alikuwa Myahudi kutoka Ujerumani, aliyefika Marekani 1867 na kuanza kama mchuuzi vijijini Pennsylvania, kabla ya kuwa tajiri wa wiski Kentucky. Mchuuzi mmoja alijenga jina, na watoto wa mchuuzi mwingine wakalirithi.

Bint Pangani

Subhanallah, maghala saba! Sasa kaka, hapo kwenye kurithi. Kwetu biashara ikifika kwa wajukuu mara nyingi ni kesi mahakamani. Hawa wamefanyaje?

Mwanakigoma (mleta uzi)

Ninachokiona mimi kutokana na kumbukumbu za wazi ni hivi. Ed Shapira ndiye aliyesimamia kampuni kwa muda mrefu kati ya wale ndugu. Mwanawe Max, aliyebeba jina la babu, alikuwa akifanya kazi za fedha Wall Street, akarudi nyumbani 1971. Alirudi wakati mbaya kabisa wa soko, na hapo ndipo walipofanya jambo la akili: kampuni kubwa zilipokuwa zinatupa majina ya wiski kwa bei ya chini, wao walikuwa wananunua. Wakati huohuo wakaingiza brandi, liqueur na vodka, ili kiwanda kisitegemee kitu kimoja. Elijah Craig ya miaka 12 waliitoa 1986, miaka mingi kabla watu hawajaanza kupanga foleni kwa ajili ya bourbon ya aina hiyo. Evan Williams, waliyoianza 1957, leo ni miongoni mwa bourbon zinazouzwa zaidi duniani. Sasa uongozi uko kwa binti yake Max, Kate Latts, na mumewe Allan.

Kampuni haiko kwenye soko la hisa. Kwa hiyo hakuna mwekezaji wa nje anayepiga simu kila baada ya miezi mitatu kuuliza faida. Kwa bidhaa inayokaa ghalani hadi miaka 12 hiyo ni nafuu kubwa sana. Wana karibu mapipa milioni 2 yaliyolala. Ni mtaji usioguswa, na mrithi mwenye haraka angeshauuza wote.

Kwa wapishi, Parker Beam aliugua ugonjwa wa neva wa ALS. Mwaka 2013 walitoa toleo maalumu kwa ajili ya kuchangia utafiti wa ugonjwa huo, na alifariki Januari 2017. Craig naye alishastaafu. Tangu 2019 mpishi mkuu ni Conor O'Driscoll, mzaliwa wa Ireland. Kwa hiyo ule uzi wa akina Beam umekatika, wa Shapira unaendelea.

Papa Uvira

Jambo kwenu wandugu. Miye pia niko Louisville, sisi Wakongomani tuko wengi hapa, Kiswahili unakisikia hata kwenye mashule na kanisani. Ile Bernheim iko upande wa magharibi ya muji, asubuhi harufu ya mahindi inayopikwa inafika mbali. Bwana Mwanakigoma unaeleza vizuri, lakini usisahau watu wanaotumika. Mwaka 2021 kulikuwa mgomo mukubwa kule Bardstown. Familia ni familia, lakini mutumishi naye ana familia yake.

Mwanakigoma (mleta uzi)

Papa, umenena. Septemba 2021 wafanyakazi wapatao 420 wa chama cha wafanyakazi cha UFCW waligoma Bardstown. Walikuwa na malalamiko juu ya bima ya afya na ratiba mpya ambayo ingewalazimisha kufanya kazi siku za mwisho wa wiki bila malipo ya ziada waliyozoea. Mgomo ulichukua kama wiki sita, hadi Oktoba, ndipo mkataba mpya ukasainiwa. Kampuni ya ukoo inajivunia ukoo wake kwenye kila bango, na ni haki ya anayejaza chupa na kusukuma pipa kuuliza yeye anahesabiwa wapi. Wenyeji wengi wa Bardstown waliunga mkono waliogoma, kwa sababu walikuwa jirani zao na jamaa zao.

Kitabu Wazi

Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Wiski imepikwa Kentucky tangu karne ya 18, na Kentucky ilikuwa jimbo la utumwa. Weusi wako wapi kwenye habari hii? Na hao Evan Williams na Elijah Craig ni akina nani?

Mwanakigoma (mleta uzi)

Asante kwa kuuliza, na nitajibu moja kwa moja.

Heaven Hill ilizaliwa 1935, lakini majina ya kwenye chupa zake ni ya zamani zaidi. Evan Williams anatangazwa kama mtu wa kwanza kupika wiski ya biashara Kentucky, mwaka 1783. Elijah Craig, mhubiri wa Kibaptisti, anatangazwa kama aliyegundua pipa lililounguzwa. Watu hao waliishi kweli, ila wanahistoria hawaoni ushahidi wa sifa hizo. Kuchoma mapipa kulijulikana sehemu nyingi, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuitwa baba wa bourbon. Mimi ningependa lebo zieleze zaidi habari ya mchuuzi wa Lithuania na wanawe, maana hiyo ni ya kweli na haihitaji kupambwa.

Na kuhusu watumwa: walikuwepo, wengi. Walilima mahindi, walisaga, walikata kuni, walichemsha, walitengeneza mapipa, na wengine walikuwa ndio wajuzi wa mtambo. Elijah Craig mwenyewe alimiliki watumwa. Majina ya watu hao kwa sehemu kubwa hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye orodha za mali. Kisa kinachojulikana zaidi kiko jimbo la jirani, Tennessee: Nathan Green, aliyeitwa Nearest, alikuwa mtumwa na mpishi hodari, na ndiye aliyemfundisha kazi kijana Jack Daniel. Baada ya uhuru akawa mpishi mkuu wa kwanza wa kampuni ya wiski ya Jack Daniel. Kampuni hiyo ilianza kulieleza jambo hilo waziwazi kwa wageni karibuni tu, kuanzia 2016. Kentucky yenyewe ilikataa marekebisho ya katiba ya kufuta utumwa, na haikuyaridhia rasmi hadi 1976.

Kwa hiyo ukienda kutembezwa, uliza. Waongozaji wengi siku hizi wanajibu, na wageni wakiuliza mara nyingi zaidi, maelezo ukutani nayo yataongezwa.

Kisumu Dala

Nina binamu anakuja Louisville mwezi ujao. Mtu akitaka kuingia afanyeje? Na kule Bardstown ataona mitambo au maghala tu?

Mwanakigoma (mleta uzi)

Kuna sehemu mbili. Hapa mjini kuna Evan Williams Bourbon Experience, barabara ya Main, mtaa uliokuwa wa wafanyabiashara wa wiski zamani. Ilifunguliwa 2013 na ina mtambo mdogo unaofanya kazi kweli, kama pipa moja kwa siku. Kama hana gari, hapo panatosha kabisa kuona hatua zote kwa karibu.

Bardstown kuna kituo cha wageni kilichofunguliwa 2004, kikapanuliwa na kufunguliwa upya 2021. Kule aende kwa ajili ya maghala na historia. Kuhusu mitambo, tangu ule moto wa 1996 Bardstown ilikuwa na maghala bila jiko. Mwaka 2022 walitangaza kujenga kiwanda kipya palepale mjini kwa dola milioni 135, wakakipa jina la Heaven Hill Springs kukumbuka lile la mwanzo, na 2025 kikaanza kazi. Sasa wiski inapikwa tena Bardstown. Wakati umekuwa mgumu kidogo, maana Kentucky ina mapipa zaidi ya milioni 14 yaliyolala, watu wake ni milioni 4 na nusu, na soko limepoa. Lakini hawa walishanunua wakati wengine wanauza, sina wasiwasi nao sana.

Aweke nafasi mapema mtandaoni, hasa Septemba na Oktoba ambapo kunajaa. Abebe kitambulisho: chini ya miaka 21 haruhusiwi kuonja, hata kama nchini kwao ni mtu mzima. Asiyekunywa anatembezwa vilevile na hakuna atakayemlazimisha. Avae viatu vilivyofunika vidole, ghala lina ngazi za mbao. Na kama anaendesha, waende wawili na mmoja asionje kabisa, kwa sababu barabara ya kurudi ina kona nyingi na polisi wako macho.

Bint Pangani

La mwisho kaka. Yale machicha wanayapeleka wapi? Kiwanda kikubwa hivyo lazima ni tani na tani.

Mwanakigoma (mleta uzi)

Kwa wafugaji, dada. Machicha ya bourbon yana protini nyingi, kwa sababu hamira imekula sukari na kuacha mengine. Mengine wakulima wanayabeba yakiwa bado maji na ya moto kwa malori ya tangi, mengine yanakaushwa na kuuzwa kama chakula cha ng'ombe. Kentucky desturi hiyo ni ya zamani kuliko viwanda vyenyewe: mkulima alipika wiski kwa mahindi yaliyozidi, na kilichobaki kikaenda kwa nguruwe na ng'ombe wake.

Mzee wa Shamba

Hapo umenifikia. Nina ng'ombe wa maziwa, nami hununua machicha ya bia. Nitarudi na maswali ya protini.